Piersanti Mattarella aliuawa kwa ajili ya mafaili

Wengi wanaomfahamu Piersanti Mattarella, rais wa mkoa wa Sicilia nchini Italia, wanamfahamu kwa picha moja: Palermo, mji mkuu wa mkoa huo, tarehe 6 Januari 1980, mdogo wake Sergio akimtoa garini baada ya kupigwa risasi. Sergio huyo ndiye Rais wa Italia tangu 2015, kwa hiyo picha imezunguka dunia. Mimi naona imemfunika marehemu mwenyewe. Kabla ya risasi kulikuwa na miaka mingi ya kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyomponza.

Hakuanzia chini. Baba yake, Bernardo, alikuwa waziri na mtu mzito wa Demokrasia ya Kikristo, chama ambacho katika Sicilia ya wakati ule kilikuwa na waadilifu na washirika wa Mafia chini ya kadi moja. Mtoto wa mkubwa angeweza kunyamaza akarithi kiti. Piersanti aliingia baraza la jiji la Palermo mwaka 1964, bunge la mkoa mwaka 1967, na kuanzia 1971 akashika bajeti ya mkoa. Hapo ndipo pa kumtazama. Sicilia ina mamlaka yake ya ndani tangu 1946, na anayeshika vitabu vya fedha huona nani analipwa, na kwa kazi ipi.

Februari 1978, akiwa na miaka 42, akawa rais wa mkoa kwa kuungwa mkono pia na Wakomunisti, njia aliyoipigania kiongozi wake Aldo Moro. Mwezi uliofuata Moro alitekwa, na Mei akauawa. Piersanti hakurudi nyuma.

Alitaka Sicilia yenye hesabu safi, ili inapokwenda Roma kudai haki yake isikute mtu wa kuizomea. Sheria ya mipango miji ya Desemba 1978 ilipunguza ukubwa wa majengo yanayoruhusiwa kwenye kiwanja, wakati ambapo Palermo ilikuwa imeshapoteza bustani na majumba yake ya kale kwa wajenzi wenye marafiki serikalini. Halafu zikaja shule sita. Jiji lilitangaza zabuni sita za kuzijenga, na kila zabuni ikapata mwombaji mmoja tu. Aliyewahi kukaa karibu na zabuni haelezwi maana yake: washindi walikuwa wamepangwa kabla. Mattarella akapeleka mkaguzi.

Huu ndio ujasiri ninaouheshimu kuliko wote katika siasa. Kuilaani Mafia jukwaani ni jambo jema, lakini genge linaweza kuishi na hotuba. Haliwezi kuishi na mtu anayefungua faili la mkandarasi, akauliza washindani wako wapi, huku ana saini ya kusimamisha malipo. Mwaka 1979 peke yake, Palermo ilimzika katibu wa chama chake wa wilaya, Michele Reina, afisa wa polisi Boris Giuliano, na hakimu Cesare Terranova, wote wakiwa wameuawa. Mattarella alijua anachokigusa. Siku ya Epifania, tarehe 6 Januari 1980, akielekea misa bila walinzi, alipigwa risasi barabara ya Libertà mbele ya familia yake. Alikuwa na miaka 44.

Mwaka 1995 wakuu wa Cosa Nostra, yaani Mafia ya Sicilia, Salvatore Riina miongoni mwao, walihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuamuru mauaji hayo. Watu wawili wa mrengo mkali wa kulia walioshtakiwa kuwa ndio waliofyatua risasi waliachiwa huru. Kwa kosa la aina hii, kumhukumu aliyeamuru bila kumpata aliyetumwa, wala kujua nani mwingine alinufaika, ni nusu ya kazi, na familia ile inastahili nusu iliyobaki.