Bampa Limeota Mvi

Mimi mvi zangu nimezikubali. Zilianza pembeni ya masikio mwaka ule nilipoanza kujenga, zikapanda taratibu pamoja na bei ya saruji, na sijamlalamikia mtu. Lakini mvi za gari langu, hapana. Hizo zimenikosanisha na mke, mama mkwe, jirani, na kamati nzima ya harusi ya shemeji yangu.

Gari lenyewe ni Rav4 ya miaka ya 2000 mwanzoni, ile ambayo hapa Dar tunaiita Kilitime. Waliolitengeneza walilivalisha plastiki isiyopigwa rangi kuanzia magotini kwenda chini: mabampa, matao ya juu ya matairi, na ubavuni mwa milango. Akili yao ilikuwa nzuri. Kokoto zirushwe, bajaji ikwaruze, hakuna rangi ya kuchubuka. Shida ni kwamba sisi tuko karibu nyuzi 7 tu kusini ya ikweta, na nyumba yangu ina mti mmoja, mpapai. Sijui kama umewahi kutafuta kivuli cha gari chini ya mpapai.

Basi gari likapauka. Halikuchakaa, likapauka, kama miguu ya mtoto aliyeoga akakimbilia nje bila mafuta. Injini inawaka kwa mguso mmoja, breki zinashika, lakini ukilitazama kwa mbali unadhani limetoka kusaga unga.

Ningeishi nalo hivyo hivyo. Jumatatu moja mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mjomba wa mke wangu, akatupia kwenye grupu orodha ya magari ya msafara. La kwanza, bwana harusi. La pili, wazazi. La tatu, wasimamizi. Nikashuka na kidole, nikashuka, nikashuka, hadi chini ya gari la matarumbeta: "BABA NEEMA, MASUFURIA."

Mama Neema akasema labda ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani inaandikwa kwa herufi kubwa?

Nikatoka nje kulitazama gari kama mzazi aliyeitwa shuleni. Nikaliona. Ndiyo, lile lilikuwa gari la masufuria. Hata mimi nisingempandisha bibi harusi mle.

Nikajiambia, nyeusi ni nyeusi. Viatu vya shule vya Neema vina miaka miwili na bado vinang'aa. Nikachukua makopo mawili ya dawa ya viatu na brashi, nikalipiga bampa la mbele, la nyuma, matao, milango, jasho linanitoka. Aisee, liliwaka! Wapita njia waligeuka. Nikalipiga picha nne, moja nikaiweka kwenye grupu bila maneno.

Jumapili mama mkwe akaja tumpeleke kanisani, kavaa gauni jeupe la kwaya. Unajua mtu mzima anavyoshuka kwenye gari la juu: anageuka kwanza, anashikilia mlango, anateleza polepole. Aliteleza. Kuanzia nyonga hadi pindo ukapita mstari mmoja mweusi ulionyooka, kama barabara mpya ya lami kabla haijachorwa alama. Hakusema kitu. Mama mkwe wangu akikasirika hasemi, anaimba pambio. Siku ile aliimba mapambio manne kabla hata ibada haijaanza.

Nilipojaribu mafuta ya alizeti matokeo yalikuwa mazuri hadi saa nne asubuhi, vumbi la mtaa wote lilipoamua kuhamia kwangu. Halafu kuna kijana wa kuosha magari aliwahi kupaka polishi ya bodi hadi juu ya plastiki, ikakauka kwenye vinyweleo vyake ikaacha madoa meupe. Mtu akaniambia madoa hayo yanatolewa na siagi ya karanga, kwamba mafuta yake hulainisha nta ya polishi. Sikatai, yalianza kulainika kweli. Ila kuku wa jirani walifika kabla sijamaliza kufuta, na mpaka leo jogoo mmoja akiliona gari langu linaingia anakuja mbio kama mpokeaji wageni.

Jirani huyo, Baba Junior, anabandika stika za magari. Ana kile kifaa cha kupuliza hewa ya moto, kama draya ya saluni iliyopandwa na hasira. Akaniazima, nadhani kwa kuona aibu ya kuku wake. Akanionyesha: unakipitisha juu ya plastiki, hukisimamishi, na weupe unapotea mbele ya macho yako, weusi unatoka kama damu inavyorudi usoni kwa mgonjwa. Jamani, nilitamani kulia. Bila dawa, bila rangi! Nikamaliza bampa la mbele. Nikaanza tao la tairi la kushoto. Simu ikaita.

Alikuwa mweka hazina wa kamati. Anaulizia mchango. Sasa mweka hazina wa harusi humwambii "nakupigia baadaye", maana hiyo baadaye anaijua. Nikaanza kueleza habari za mshahara, na mkono wa pili nao ukasimama kusikiliza. Nilipoangalia chini, tao lilikuwa limelegea, limekunja mdomo kama mtoto anayekaribia kulia. Nikaliminya lirudi, nikaacha alama za vidole. Vidole vyangu vitatu viko pale mpaka kesho. Polisi hawana haja ya kunitafuta.

Hapo ndipo nikasema liwalo na liwe, napiga rangi. Kariakoo, makopo mawili ya spreyi nyeusi isiyong'aa, shilingi 8,000 moja. Jumamosi nikapuliza. Sikupiga msasa, nilikuwa na haraka, na tepu niliiona gharama, nikashikilia gazeti kwa mkono. Jumanne nikapeleka kuoshwa. Yule kijana alipoelekeza bomba la presha kwenye bampa, rangi ilivuka vipande vipande kama ngozi ya nyoka, ikaelea kwenye mtaro huku naiangalia. Shilingi 16,000 zinaelekea Mto Msimbazi.

Mama Neema akasema neno moja tu: "Fundi." Kuna namna wanawake wanalitamka hilo neno mwanaume unajisikia umevuliwa kofia.

Fundi rangi wa Ilala niliyempata ni kijana mdogo, ananiamkia shikamoo huku anacheka. Akainama nyuma ya bampa akanionyesha herufi zilizochongwa kwenye plastiki: PP. "Mzee, hii ni polipropilini. Ndugu yake na kile kiti cha plastiki ulichokalia hapo. Umewahi kuona mtu anapaka rangi kiti cha baa?" Akachovya vidole kwenye ndoo, akarushia maji juu ya bampa. Yakakusanyika matone matone, yakaviringika, kama kwenye jani la gimbi. "Maji hayashiki, rangi itashikaje?"

Nikamuuliza, basi huu weupe unatoka wapi? Akasema weusi wa hizi plastiki ni masizi, yanachanganywa humo kiwandani, tena yenyewe ndiyo mwavuli wake dhidi ya jua. Lakini jua lina mionzi inayokatakata nyuzi za plastiki pale juu juu, zinageuka ungaunga. Weusi upo chini, umefunikwa na maiti za plastiki yenyewe. Ile draya iliyeyusha ungaunga tu, na jua lingeutengeneza mwingine. Kijana wa watu anaongea hivyo huku anakula muhogo. Mimi nina cheti cha ukaguzi wa hesabu na sikuwa najua nimeegesha maiti mlangoni.

Halafu akageuka daktari. "Mzee, umeipaka nini kabla?" Nikasema spreyi. "Kabla ya hapo?" Dawa ya viatu. "Na kabla?" Alizeti. Siagi ya karanga. Akaacha kutafuna. Akaniambia mafuta yakibaki, na mabaya zaidi ile silikoni ya kung'arishia matairi, rangi inafunguka vishimo vishimo kama macho ya samaki. Nikakumbuka silikoni pia, nikanyamaza. Baadaye dhamira ikanisuta, nikarudi kumwambia.

Siku mbili, ndugu yangu. Siku mbili anasugua! Sabuni ya vyombo, brashi, maji, spiriti, msasa wa maji namba 320, kisha 600, sabuni tena. Nilikuwa nimekaa pale nikidhani nimelipia rangi, kumbe nimelipia udobi. Akabandika tepu na magazeti hadi gari likafanana na kitumbua cha kufunga. Halafu praima ya plastiki, kitu hakina hata rangi, unalipa pesa kuona maji. Ndiyo inayoifanya rangi ishike, nimeambiwa, na bila hiyo tunarudi Msimbazi. Rangi yenyewe? Mikono mitatu myepesi, kati ya mmoja na mwingine dakika kumi, kivulini. Haikufika saa nzima.

Lakini lilitoka. Hata vidole vyangu vilivyokuwa kwenye tao akavisugua na msasa, unaviona tu ukijua pa kutazama. Likawa gari la mtu mwenye mipango.

Mpaka nilipolifikisha nyumbani. Chini lilikuwa jeusi hivyo, juu boneti nikaiona imefifia. Na taa za mbele, ambazo miaka yote nilidhani ni nzima, kumbe ni za manjano kama meno ya mvuta sigara. Taa nazo ni plastiki. Hizo hazioti mvi, zinapata homa ya manjano. Mama Neema alinisoma usoni, akasema, "Baba Neema, usithubutu."

Siku ya harusi niliwahi saa moja asubuhi, nikaegesha mbele kabisa, nyuma ya gari la bwana harusi. Mwenyekiti akaja. Akalizunguka gari taratibu, mikono nyuma. Akapitisha kidole kwenye bampa, akakitazama, kisafi. Moyo ukanidunda.

"Mkwe, gari limependeza," akasema. "Sasa sogeza nyuma, wapishi wanasubiri."

"Mjomba, hata sasa masufuria?"

Akanishangaa. "Kwani wengine wana nini zaidi ya magari ya saluni yenye buti dogo? Lako ukilaza viti linameza sufuria tatu za pilau na mwiko juu. Nilikuandika kwa herufi kubwa usije ukasahau."

Wakaja vijana wanne na sufuria la kilo hamsini, halijapoa, limefungwa mfuniko kwa kitambaa. Walilipumzisha kwanza kwenye ukingo wa bampa la nyuma, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakalisukuma ndani. Likaburuzika na kitako chake chote.

Nikainama kutazama. Mkwaruzo wa urefu wa mkono, na ndani yake kijivu kile kile, kinanichungulia.

Nikampigia Mama Neema, alikuwa gari la pili na wazazi. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ndani ya mkoba wake kuna dawa ya viatu ya Neema.