Mwanga Sahihi ni wa Nani?

Miongoni mwa mambo ambayo wapigapicha chipukizi hufundishwa mapema mno ni kwamba kila picha ina kiwango chake sahihi cha mwanga, na kwamba kazi yao ni kukitafuta mpaka mshale wa kipimo ndani ya kamera usimame kwenye sifuri. Sikubaliani na fundisho hilo. Mshale ukisimama kwenye sifuri, kamera imeridhika, basi. Picha yenyewe bado haijahukumiwa. Asiyethubutu kuusogeza mshale huo kwa makusudi anaweza kupiga picha miaka nenda miaka rudi huku uamuzi mkubwa kuliko yote akiwa ameuacha mikononi mwa chombo kisichojua kinatazama nini.

Kipimo hicho husoma mwanga unaoakisiwa na kitu, si ule unaokiangukia. Kwa kuwa hakiwezi kutofautisha kitu cheupe kilichopo kivulini na kitu cheusi kilichopo juani, kimeundwa kukisia kwamba kila kinachopimwa kina wastani wa kijivu cha katikati, ambacho kwa desturi huwakilishwa na kadi inayoakisi asilimia 18 ya mwanga. Tandika shuka jeupe, lijaze fremu nzima, upige picha kwa kuiachia kamera kila kitu. Kisha fanya vivyo hivyo kwa kitambaa cheusi. Shuka litafifia na kuwa la kijivu, na kitambaa nacho kitapauka kuelekea kijivu hichohicho. Ili weupe urudi, itakubidi uongeze mwanga kwa stopu (hatua za kupimia mwanga) moja na nusu hadi mbili. Ili weusi urudi, upunguze kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kamera za kisasa, zinazogawa fremu katika maeneo mengi na hata kutambua nyuso, hazikosei mara nyingi kama zile za zamani, lakini bado zinakisia.

Madhara ya makisio haya huonekana zaidi kwenye nyuso za watu weusi, na ninashangaa kwamba jambo hili hutajwa kwa nadra katika mafunzo. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kipimo hutishwa na ukuta na kupunguza mwanga, na uso hubaki giza lisilo na macho wala tabasamu. Uso huohuo ukijaza fremu, kosa hugeuka upande wa pili: kamera huona weusi, hudhani mwanga hautoshi, na kuipausha ngozi hadi ionekane kama imepakwa majivu. Tatizo hili lina historia ndefu, kwa maana kadi za kulinganishia rangi zilizotumika kwa miaka mingi katika maabara za kusafishia picha zilikuwa na sura za wanawake weupe, na rangi za picha za watu wote zikapimwa kwa ngozi zao. Dawa ni kupima uso wenyewe, kisha kuamua unatakiwa kukaa wapi kati ya nyeusi na nyeupe. Kwa ngozi nyeusi, kupunguza takriban stopu moja chini ya kijivu cha katikati huwa mwanzo mzuri. Wapigapicha wa Marekani Ansel Adams na Fred Archer walijenga utaratibu mzima juu ya wazo hili mnamo miaka ya 1939 na 1940, wakiigawa picha katika kanda kuanzia weusi mtupu hadi weupe mtupu, na mpigapicha ndiye aliyeamua kitu gani kiangukie kanda ipi.

Stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuugawa kwa mbili. Kwa hiyo tundu la lenzi la f/8 (namba ikipungua, tundu hupanuka) na kasi ya shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, ya sekunde 1/125 huleta mwanga sawa na f/5.6 kwa 1/250, au f/16 kwa 1/30. Mwanga ni uleule, lakini picha ni tatu tofauti, kwa sababu tundu huamua ni sehemu gani itaonekana kwa ukali na shata huamua mwendo utagandishwa au utavurugika. Katika picha ya Louis Daguerre, Mfaransa mmojawapo wa waanzilishi wa upigaji picha, ya mwaka 1838, barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris inaonekana kama imehamwa, kwa kuwa mwanga uliachwa uingie kwa muda mrefu mno kiasi kwamba waliopita hawakuacha alama. Aliyebaki ni mtu aliyetulia, kwa dalili zote aking'arishiwa viatu.

Ninachosisitiza kwa anayejaribu ni abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, tena aseme kabla ya kubonyeza anatarajia nini. Kuipa kamera amri ya kupiga fremu tatu, moja ya giza, moja ya kati na moja angavu, kisha kuchagua inayopendeza, ni njia halali pale kazi isipoweza kurudiwa, lakini haimfundishi mtu chochote. Wapo pia wanaojitetea kwamba watarekebisha kwenye kompyuta. Hoja yao ina ukweli nusu: katika faili ghafi (RAW, ambalo kamera haijalichakata) vivuli huweza kuinuliwa, ingawa huja na chembechembe zake, ila sehemu iliyoungua kabisa, yaani iliyogeuka nyeupe tupu kwa mwanga kuzidi, haina taarifa yoyote ya kurudisha. Filamu za negativu zilikuwa kinyume chake, zilistahimili mwanga uliozidi kuliko uliopungua, na ndiyo maana ushauri wa enzi hizo haufai kuhamishwa kama ulivyo.

Wenye simu nao hawajaachwa nje. Kwenye simu nyingi, ukigusa uso wa mtu kwenye kioo na kuburuta kidole juu au chini, mwanga huongezeka au hupungua papo hapo. Tatizo ni kwamba simu za sasa huunganisha fremu kadhaa kimyakimya ili vivuli visiwe vizito na mawingu yasiungue, hivyo anayetaka kivuli kizito, mtu aonekane umbo tupu mbele ya dirisha, hujikuta akishindana na programu. Kwa majaribio ya aina hiyo, ni afadhali kutumia programu ya kamera inayomwachia mpigaji kupanga shata na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) kwa mkono.