Yaa Asantewaa alishindwa? Vita vya Kigoda cha Dhahabu na gharama yake

Tarehe 28 Machi 1900, mjini Kumasi, gavana wa Kiingereza Frederick Hodgson aliwakusanya wafalme na wazee wa Asante, dola iliyokuwa katika nchi ya Ghana ya leo, akawaeleza mambo matatu. Mfalme wao, Prempeh wa Kwanza, aliyekamatwa miaka minne nyuma, hatarudi. Fidia ya vita waliyodaiwa lazima ilipwe. Kisha akauliza Kigoda cha Dhahabu kiko wapi, na kwa nini yeye, mwakilishi wa Malkia wa Uingereza, hajaletewa akikalie siku ile. Wazee walimsikiliza kimya, wakatawanyika. Haukupita mwezi mzima, boma la Waingereza pale Kumasi lilikuwa limezingirwa.

Swali la kigoda ndilo lililowasha moto. Kwa Waasante, hicho si kiti cha kukalia. Masimulizi yao yanasema kilishuka kutoka mbinguni kwa dua za kuhani Okomfo Anokye, kikatua magotini pa Osei Tutu, mwasisi wa dola yao, na kwamba ndani yake imo roho ya taifa zima, wanayoiita sunsum. Asantehene, yaani mfalme mkuu wa Asante, mwenyewe hakikalii; kigoda huwekewa kiti chake pekee kando ya mfalme. Hodgson alidai kufanya jambo ambalo mfalme wao hakuthubutu kulifanya.

Aliyeongoza upinzani uliofuata ni Yaa Asantewaa, mama wa miaka 60 hivi kutoka Ejisu, mji ulio karibu na Kumasi. Mara nyingi huandikwa kwamba alikuwa malkia wa Asante. Cheo chake hasa kilikuwa ohemaa wa Ejisu, na ohemaa si mke wa mtawala. Ukoo wa Waasante huhesabiwa upande wa mama, kwa hiyo ohemaa ndiye mwenye kujua nani mzaliwa halali wa kiti, ndiye anayelitaja jina la mtawala mpya, na ana haki ya kumkanya mtawala huyo mbele ya baraza. Mjukuu wake Afrane Kuma, aliyekuwa mtawala wa Ejisu, alichukuliwa uhamishoni pamoja na Prempeh mwaka 1896. Tangu hapo bibi huyu alikuwa ameushika mji kwa mkono wake mwenyewe.

Nayasema haya mapema kwa sababu hadithi inayopendwa zaidi kumhusu ni ile ya usiku wa baraza: wanaume wanasitasita, yeye anasimama na kuwaambia kwamba kama wao hawatakwenda vitani, basi wanawake watakwenda. Maneno hayo yametufikia kwa masimulizi ya mdomo, na kila msimulizi ana namna yake. Sina sababu ya kukataa kiini chake. Lakini hadithi ikisimuliwa peke yake, humfanya aonekane kama mwanamke aliyezuka tu kwa hasira. Alikuwa mtawala katika mfumo uliowapa wanawake sauti tangu zamani, na makamanda wa kiume walipokubali awe juu yao hawakuwa wanavunja mila.

Sasa niingie kwenye ubishi wenyewe. Kila ninapozungumza habari za vita hivi na watu wanaopenda historia, nakuta makundi mawili. Kuna wanaosema Yaa Asantewaa alishinda kwa sababu kigoda hakikuchukuliwa. Na kuna wanaosema vita vyake vilikuwa msiba usio wa lazima, vikawakabidhi Waingereza kile walichokuwa bado hawajakipata. Kundi la pili husikilizwa kidogo, kwa kuwa kumkosoa shujaa huonekana kama kumsaliti. Mimi nadhani hoja zao ni nzito, na zinastahili kuanza.

Kwanza, vita vilishindwa, na kwa uchungu. Wapiganaji wa Asante walijenga vizuizi vya magogo katikati ya msitu, wakakata nyaya za simu, wakawabana Waingereza bomani hadi njaa na maradhi vikaanza kuwaua. Tarehe 23 Juni Hodgson alitoroka na askari wapatao 600, akaacha kama 100 nyuma. Lakini tarehe 15 Julai kikosi cha Kanali James Willcocks kilivunja mzingiro, na kuanzia hapo magobore yalikuwa yanajibizana na bunduki za rashasha za Maxim na mizinga. Vijiji vilichomwa. Kobina Cherri, mmoja wa viongozi wa vita, alinyongwa. Yaa Asantewaa alikamatwa, akapelekwa Ushelisheli pamoja na wenzake. Tarehe 1 Januari 1902 Asante ikatangazwa rasmi kuwa koloni la Uingereza, nchi iliyotwaliwa kwa vita, na muungano wa wafalme wake ukavunjwa. Haukurudishwa hadi 1935.

Pili, Waasante hawakuwa kitu kimoja. Wafalme wa Mampong na Juaben walikuwa ndani ya boma pamoja na gavana, na mfalme wa Bekwai alibaki upande wa Waingereza. Tukiwaita wasaliti tumeufunga mjadala kabla haujaanza. Dola ya Asante ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe miaka ya 1880, na baadhi ya miji ilikuwa na vidonda vyake dhidi ya Kumasi. Mtawala wa mji mdogo aliyekwisha kuona Kumasi ikichomwa na jeshi la Kiingereza chini ya Jenerali Wolseley mwaka 1874 aliweza kabisa kuamua, kwa nia njema, kwamba watu wake hawatapona vita vingine.

Tatu ni lile ambalo wapenzi wa Yaa Asantewaa hulipita haraka. Kwa mujibu wa taarifa zilizotoka bomani, masharti ya wapiganaji wakati wa mzingiro yalikuwa haya: Prempeh arudishwe, watu wasilazimishwe kubeba mizigo na kuwajengea Waingereza nyumba, wafanyabiashara wageni warudi pwani, na Waasante waachwe huru kununua na kuuza watumwa kama zamani. Sharti hilo la mwisho linakwaruza. Mtu anaweza kusema taarifa ziliandikwa na adui, na ni kweli. Lakini Asante ilikuwa dola kubwa iliyokusanya ushuru wa watu kutoka kwa majirani zake wa kaskazini, na utumwa wa ndani ulikuwa sehemu ya utajiri wa wakubwa wake. Kwa mtumwa aliyeletwa Kumasi kutoka Dagomba, neno uhuru katika vita vile halikuwa na maana moja na lile la bwana wake. Hatuwezi kumpamba Yaa Asantewaa tukamficha mtu huyo.

Hizo ndizo hoja za upande mmoja. Lakini wanaosema vita havikuwa vya lazima nawadai jibu la swali moja tu: njia nyingine ilikuwa ipi?

Kwa maana njia ya amani ilikwisha kujaribiwa. Waingereza walipoingia Kumasi Januari 1896, Prempeh aliwazuia watu wake wasifyatue hata risasi moja. Alikubali ulinzi wa Uingereza. Gavana William Maxwell alimtaka ajinyenyekeze hadharani, naye, pamoja na mama yake Yaa Akyaa, akainama mbele ya umati na kuishika miguu ya wazungu. Baada ya kuinama, akadaiwa malipo ya fidia papo hapo. Iliyokuwa imetajwa mwaka 1874 ilikuwa wakia 50,000 za dhahabu. Hakuwa nayo. Akakamatwa yeye, mama yake, baba yake, ndugu zake na watawala kadhaa, wakapelekwa Elmina, kisha Sierra Leone, hatimaye Ushelisheli. Mwaka uliofuata, 1897, ikaanzishwa kampuni ya Kiingereza ya kuchimba dhahabu ya Obuasi. Wananchi wakawa wanabebeshwa mizigo na kujengeshwa boma katika mji wao wenyewe.

Kwa hiyo mtu anaposema Yaa Asantewaa aliwapa Waingereza kisingizio cha kuitwaa nchi, namuuliza nchi ipi. Mfalme alikuwa uhamishoni, boma lilikuwa limejengwa, dhahabu ilikuwa inachimbwa na wageni, na kodi ilikuwa inadaiwa. Tangazo la 1902 liliandika kwenye karatasi hali iliyokuwa imeota mizizi tangu 1896. Kilichobaki mikononi mwa Waasante mwaka 1900 kilikuwa kile kigoda na siri ya mahali kilipofichwa. Na hata hicho Hodgson aliagiza kitafutwe: Kapteni Armitage alikwenda na askari hadi kijiji cha Bare, na simulizi za safari ile zinasema watoto walichapwa, na wazazi wao nao wakafungwa kamba, ili waseme. Hawakusema.

Hapa ndipo ninapopima kwa namna tofauti na makundi yote mawili. Vita vya 1900 havikuweza kurudisha dola, na sidhani Yaa Asantewaa, mwenye akili ya utawala kama alivyokuwa, alidhani magobore yangeifukuza Uingereza moja kwa moja. Walichoweza kupigania ni mpaka: wazungu watakwenda umbali gani. Na jibu lilipatikana, ingawa lilichukua miaka 20. Karibu na mwaka 1920 wajenzi wa barabara walikifukua kigoda mahali kilipozikwa, na baadaye baadhi ya watu wakaking'oa mapambo ya dhahabu. Habari ilipovuja mwaka 1921, Asante nzima ilitikisika. Safari hii serikali ya kikoloni haikutuma kapteni na fimbo. Mtaalamu wake wa mila, R. S. Rattray, aliandika kueleza kigoda kile ni nini hasa. Watawala wa Asante wakaachiwa wawahukumu wahalifu wenyewe. Na serikali ikaahidi hadharani kwamba haitakidai tena. Sioni namna ya kueleza tofauti kati ya Hodgson wa 1900 na serikali ya 1921 bila ule mzingiro. Serikali ilijifunza mahali ambapo watu wale wako tayari kufa.

Je, mpaka ule ulistahili damu ile? Nakiri mizani yangu inayumba nikifika hapa. Waliokufa vichakani hawakuulizwa. Wengi wa waliouawa upande wa Waingereza nao walikuwa Waafrika: askari wa Kihausa na Kiyoruba kutoka Nigeria, wengine walioletwa kutoka Afrika ya Kati, na wapagazi ambao hakuna aliyewajengea mnara. Uingereza ilitumia mtoto wa mwenzako kukuua, na Yaa Asantewaa hakuwa na jinsi ya kupigana na gavana bila kumpiga mtoto huyo. Lakini nikipima, bado nampa yeye haki. Mwenye kuuliza kama vita vilikuwa ghali amuulize kwanza Hodgson, aliyeambiwa na nchi nzima kwa ukimya wake kwamba amevuka, akaendelea kutafuta.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuijali hadithi hii kuliko anavyodhani, maana mwisho wake haukuwa Ghana. Yaa Asantewaa alipofika Ushelisheli mwaka 1901, visiwa hivyo vilikuwa gereza la wafalme wa Afrika. Walikuwapo Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, waliokamatwa pamoja mwaka 1899. Hao wawili pamoja na Prempeh ndio mjadala wetu wenyewe ukiwa hai. Mwanga alikuwa amejaribu kila njia: alipigana, akatia saini mikataba, akapigana tena. Prempeh aliinama bila kupigana. Kabalega alipigana msituni kwa miaka mingi hadi akapoteza mkono. Wote waliletwa kisiwa kimoja. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia Jinja kabla ya kufika kwao. Sera ya Uingereza haikuwa na zawadi kwa aliyenyenyekea wala msamaha wa pekee kwa aliyepinga. Anayemlaumu Yaa Asantewaa kwa kupigana atazame majina hayo akaonyeshe ni nani kati yao aliyeokolewa na upole.

Kwao Ghana kumbukumbu yake imetunzwa kwa namna nyingi. Shule ya wasichana yenye jina lake ilifunguliwa Kumasi mwaka 1960. Mwaka 2000, karne moja baada ya vita, makumbusho yake yalifunguliwa Ejisu, na mwaka 2004 moto ukayaunguza pamoja na vitu vilivyokuwamo. Ningependa siku yatakapoinuka tena, ukuta mmoja uwe wa wapagazi, na mwingine wa watumwa waliokuwamo katika nyumba za wakubwa wa Ejisu. Bibi huyu hatapungua kwa hilo.

Alifariki Ushelisheli tarehe 17 Oktoba 1921, mwaka uleule serikali ilipotoa ahadi juu ya kigoda. Prempeh alirudi Kumasi mwaka 1924, na mabaki ya Yaa Asantewaa yakarudishwa nyumbani baadaye yakazikwa kwa heshima. Mwaka 1922, binti wa mfalme wa Uingereza, Mary, alipoolewa, wanawake watawala wa Asante, wenye cheo kilekile alichokuwa nacho yeye, walimpelekea zawadi ya kigoda. Kilikuwa cha fedha. Cha dhahabu kilikuwa kwao, na mwaka 1935, muungano uliporudishwa, kikatolewa hadharani na kuwekwa juu ya kiti chake, kando ya Asantehene.