Mimi na ule “mnazi” wa Hajati, kabla Redio hajaongeza chumvi tena

Jamani naona ile video yangu nikinywa maji ya mti imeshafika mpaka Arua. Kuna mjomba wangu kule hajanipigia simu tangu Idi, leo alfajiri kapiga, nikadhani kuna msiba, kumbe anauliza kama tumbo limetulia. Basi acheni niseme mwenyewe maana Redio (mnamjua, hilo jina hatukumpa bure) anatangaza kwamba nililia. Sikulia. Macho yalitoa maji, ni vitu viwili tofauti.

Safari yenyewe mnaijua, ile ya bustani ya mimea Entebbe, ambayo nilijipa uongozi bila kuombwa na mtu kwa sababu wiki tatu nzima nilikuwa nasoma habari za minazi, mivumo, michikichi na jamaa zake wote usiku kwenye simu mpaka bando linakata. Kikao cha mipango kikawekwa Bombo kwa Hajati, shangazi yake Redio, Ijumaa baada ya swala. Nikaenda na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na daftari. Daftari jamani! Kwenye kikao cha watu wanane na sahani ya kabalagala, yale maandazi ya ndizi.

Nikaanza. Kwamba bustani ya Entebbe ni ya tangu 1898, Waingereza walipanda pale mimea ya kila pembe ya dunia, ufukweni mwa Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, waone ipi itaupenda udongo wetu. Kwamba tukishamaliza Entebbe tunaenda Singapore, bustani ya 1859, wana bonde zima la hii miti. Halafu Bogor, Indonesia, ambako mwaka 1848 ilipandwa michikichi minne tu, minne, na kizazi chake kikaja kujaza mashamba ya Asia ya Kusini Mashariki, kwa hiyo hizi kabalagala huenda zimekaangwa kwa mafuta ya vitukuu vya miti minne. Halafu Ushelisheli, kuna mnazi mbegu yake moja inaweza kufikia kilo 20, ikikuangukia hakuna haja ya kupiga simu hospitali. Watu kimya, wanasikiliza, mimi kichwa kinavimba. Kumbuka tunazungumzia Singapore na mchango wa Entebbe ni shilingi elfu hamsini na wawili hawajalipa, mmoja wao ni mimi.

Muda wote huo Hajati yuko kibarazani anasuka mkeka. Hakuinua kichwa. Anasuka kwa ukindu, na ukindu unatoka kwenye mkindu, na mkindu ni ndugu kabisa wa mnazi, nilikuwa na ukurasa mzima juu yake. Yaani nilikaa nusu saa namfundisha habari za minazi mtu ambaye makuti ya miti hiyo yamepita mikononi mwake miaka na miaka kabla mimi sijazaliwa. Hilo nimelitambua jana usiku, nikiwa chooni, mahali ninapofikiria vizuri siku hizi.

Sasa kuna mtoto pale, mjukuu wa Hajati, miaka sita hivi, akanyoosha kidole: “Na ule, mjomba?” Karibu na tangi la maji umesimama mti mrefu, majani yamejipanga safu mbili kulia na kushoto kama kipepeo cha mkaa kilichofunguliwa. Ningesema sijui. Neno fupi hilo, halina gharama.

“Ahaa!” nikasema. “Huo ni mnazi wa msafiri, kwao Madagaska. Mti wa ajabu. Msafiri akishikwa na kiu anatoboa hapa kwenye shina la jani, yanatoka maji safi, anakunywa anaendelea na safari.”

Hajati akasema taratibu, bado anasuka, “Maji yapo kwenye jagi, baba.”

Mimi nikaona mama wa watu anafanya ukarimu. Banange, yule alikuwa ananiokoa!

Nikaomba kisu cha jikoni na glasi. Redio akatoa simu. (Mnaouliza kwa nini hakunizuia: hamumjui Redio.) Nikapanda juu ya tofali, nikapandisha mkono wa kanzu, nikachoma pale jani linapokumbatia shina. Hakuna kitu. Nikatabasamu kwa kamera. Nikachoma tena, nikazungusha kisu kama fundi anayefungua nati, na ndipo ule mti ukakohoa, sina neno lingine, ukakohoa, na maji yakaruka yakaingia kwenye mkono wa kanzu, yakateremka kwapani, yakapita ubavuni polepole, ya baridi, nayasikia yanavyotafuta njia mpaka kwenye goti. Rangi ya chai iliyolala. Lakini glasi nayo ilipata, karibu nusu.

Nikaiinua juani. Ndani kuna vitu vinacheza. Vidogo, vyembamba, vinajikunja vinajikunjua, juu chini, juu chini, kwa furaha kabisa. Viluwiluwi vya mbu. Mimi niliviona, naapa niliviona, na kichwa changu kikaniambia hayo ni mapovu. Watu wanane wananitazama, na yule mtoto, na simu ya Redio, na mimi nimeshasema maji safi. Ningemwaga vipi?

Nikanywa.

Funda la kwanza lina ladha ya maji ya chombo cha maua yaliyosahaulika tangu harusi. Nikasema “Mmh!” kama mtu aliyeonja mchuzi. Halafu kitu kikatembea juu ya ulimi. Hakikuelea, kilitembea, kina miguu, kinaelekea nyuma, na mimi nimefunga mdomo natabasamu nikitafuta pa kutema, na kila ninapogeuka kuna mtu wa heshima. Nikameza. Mpaka leo sijui nilimmeza nani.

Hapo ndipo Hajati akaweka mkeka chini, akaja, akashika jani moja lililochanwachanwa na upepo, michirizi imenyooka kutoka uti wa kati kwenda pembeni. “Mnazi gani huu wenye jani la mgomba? Makuti yake yako wapi?”

Nikatazama. Jani la mgomba. Nimekulia Masaka, ndugu zangu, nimekula matoke kabla sijaota meno, nimelala chini ya hayo majani, bibi yangu alinifungia chakula ndani yake, na nimesimama kwenye tofali Bombo nashindwa kutambua jamaa ya ndizi. Nimeangalia baadaye kwenye simu, Hajati ana haki yote: mti wa msafiri si mnazi hata kidogo, jina la mnazi watu wanaupachika tu, ndugu zake ni lile ua la rangi ya chungwa linalofanana na kichwa cha ndege, na mbali kidogo mgomba. Mbegu zake zimevaa nyuzi za rangi ya bluu. Maji yanakusanyika kwenye mashina ya majani, kweli, lakini ni ya mvua, pamoja na kila kinachodondokea humo. Hili la mwisho nililijua kabla ya kusoma.

Mengine kwa kifupi: boda mpaka zahanati, dawa za minyoo, siku mbili sikutoka nyumbani, kanzu imefuliwa mara tatu bado ina ramani upande wa kushoto. Yule mtoto sasa akiniona ananiuliza kama nina kiu.

Safari ipo palepale, Jumamosi, tunapanda taksi saa moja asubuhi, msichelewe. Kiongozi ni Hajati, amesema mikindu ya Entebbe anataka kuiona kwa macho yake mwenyewe. Mimi nimepewa kazi ya kubeba jagi, na elfu hamsini yangu ameshaniambia mara mbili.