Pointi Zimfuate Msomaji

Jumuiya ya wabunifu mtandaoni ikianza tu kugawa pointi na vyeo, lawama hazichelewi: sanaa imegeuzwa mashindano, watu watatunga ili wapande daraja. Wanaolaumu wana ushahidi wao. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa shule ya awali. Waliochora baada ya kuahidiwa cheti, walipoachiwa uhuru siku za baadaye, walichora kwa muda wa karibu nusu ya wenzao wasioahidiwa kitu.

Ila jaribio hilo husimuliwa nusunusu. Kulikuwa na watoto waliopewa cheti kilekile bila kuahidiwa, na hao hamu yao haikupungua. Tena watoto wote walichaguliwa kwa kuwa tayari walipenda kuchora. Hapo ndipo penye uzito. Mshairi hahitaji ujira ili atunge. Atatunga hata asiposomwa. Kazi inayokosa wapenzi ni nyingine: kuketi na shairi la mtu usiyemjua, kulirudia, kugundua kwamba mshororo wa tatu una mizani saba na mingine yote ina nane, kisha kumwandikia mwenyewe kwa heshima na kumwonyesha pa kurekebisha. Nusu saa imekwenda, na shairi likinyooka, sifa ni za mtunzi. Wanaotaka kusomwa ni wengi, wanaotaka kusoma ni wachache. Mgeni akiweka shairi lake la kwanza na asiambulie hata neno moja, haonekani tena. Huyo hakufukuzwa na pointi, alifukuzwa na ukimya.

Scribophile, jumuiya ya waandishi, ina utaratibu unaogusa jambo hili: ili uweke kazi yako, sharti kwanza ukusanye pointi kwa kuhakiki za wenzako, na uhakiki mrefu hulipa zaidi. Najua urefu si uzito, na wapo watakaojaza maneno. Hata hivyo, aliyelazimika kuandika aya tatu kuhusu hadithi ya mwenzake amelazimika pia kuisoma, jambo ambalo anayeandika "kazi nzuri, endelea" tu halazimiki kulifanya.

Hata tuzo isiyo na thamani ya fedha ina nguvu. Mwaka 2012 Michael Restivo na Arnout van de Rijt walieleza jinsi walivyowatunuku nyota za shukrani baadhi ya wahariri hodari wa Wikipedia, waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Kazi yao ilizidi ya wale ambao hawakutunukiwa kwa asilimia 60. Nyota hizo hazikuahidiwa, kama vile vyeti vya lile kundi la watoto linalosahaulika.

Kwenye vyeo, nakubaliana na wanaolaumu. Cheo kinachopanda kwa wingi wa maoni hupima muda na bidii, lakini anayeanza hukisoma kama kipimo cha ujuzi. Akiona "Bingwa" kando ya jina, ataufuta mshororo wake mzuri kwa sababu tu Bingwa hakuupenda. Hilo ni dhara la kweli, na dawa yake si kufuta pointi zote. Cheo kitaje kilichofanyika, kwa mfano "amehakiki hadithi 40", na mwenye kazi ndiye aamue kama uhakiki aliopewa umemfaa kiasi cha kustahili pointi.