Santuri za baba hazitaki fundi

Mwaka juzi nilimpelekea fundi mmoja hapa Dar santuri 32 za marehemu baba, azihamishie kwenye flashi. Nikalipa, nikangoja wiki mbili, nikakabidhiwa mafaili 64, yote yameandikwa "Track" na namba. Nikaenda nayo Tanga kwa mama. Wimbo wa tatu kuanza tu, mama akaweka kikombe chini.

"Huyo nani? Mbona anaimba kama kaamshwa usingizini?"

Fundi alikuwa ameicheza sahani inayopaswa kuzunguka mara 45 kwa dakika kwa mwendo wa 33. Wimbo wa dakika 3 ukawa wa dakika 4 na ushee, na kijana mwenye sauti nyororo akageuka mzee wa kikohozi. Simlaumu sana. Hajawahi kuusikia wimbo ule maishani mwake, angejuaje? Ndiyo maana siku hizi nasema kazi hii ifanyike nyumbani, hata kama fundi ana mitambo mizuri kuliko yako. Masikio yanayoujua wimbo hana.

Mwendo lakini si neno, kompyuta inaurekebisha. Kilichoniuma ni usafi. Alipitisha nyimbo zote kwenye programu ya kuondoa makelele, na mikwaruzo kweli ikaisha. Ila sikiliza dansi lolote la miaka ya 60 na 70: nyuma ya magitaa na tumba kuna mtu anatikisa manyanga, sha-sha-sha, tangu wimbo unapoanza mpaka unapokwisha. Kwa programu, manyanga na vumbi ni kitu kimoja. Ikayafyeka. Magitaa yakabaki yanaelea kama yamezamishwa kwenye ndoo ya maji, na mwimbaji akawa anameza kila herufi "s". Nilipomuuliza fundi akanijibu kwa fahari kabisa: "Kaka, si umeona ilivyotakata?"

Basi nikanunua pleya ya santuri ya mtumba. Epuka zile za kisanduku zinazouzwa kama mapambo. Sindano yake inakandamiza sahani kwa uzito wa gramu 5 au zaidi, wakati pleya nzuri inatosheka na 2 hivi. Na usiichomeke moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, utapata sauti ya mkebe. Sauti inayotoka kwenye sindano ni dhaifu mno, halafu imepindwa makusudi: wakati wa kuchonga sahani besi hupunguzwa, maana besi kamili ingehitaji mifereji mipana na nafasi ingekwisha, na sauti kali huongezwa. Kazi ya priampu, kifaa kinachokaa kati ya pleya na kompyuta na kuikuza sauti hiyo, ni kurudisha kila kitu mahali pake, kwa kipimo ambacho kampuni za Marekani zilikubaliana mwaka 1954. Kwenye kompyuta natumia Audacity, programu ya kurekodi, ya bure. Nahifadhi kwa WAV au FLAC, aina za faili zisizopunguza chochote kwenye sauti, na naacha sauti iwe chini kidogo, kwa sababu ikishapasuka haishoneki.

Kabla ya hapo kuna kuosha. Hewa ya Tanga ni ya chumvi na unyevu, kava nyingi zilikuwa zimeota kuvu. Maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kufuata mzunguko, kisha suuza kwa maji ya betri. Yale yasiyo na asidi, tafadhali! Lebo, ile karatasi ya katikati, isiguswe na maji hata kidogo.

Lebo ndiyo naishughulikia kuliko yote. Sindano haishuki kabla sijainakili kwenye daftari na kuipiga picha: bendi, wimbo, mtunzi, namba. Nyingi za baba ni za Mzuri, chapa ya santuri ya Assanand wa Mombasa, na kadhaa zina mwandiko wake pembeni, mwezi na mwaka aliozinunua. Ya mwisho ni ya 1976. Mwaka uliofuata mpaka wa Kenya ukafungwa, na safari zake za Mombasa zikaishia hapo. Hayo yote "Track 17" haikuniambia. Huko YouTube nako nimekuta wimbo mmoja una majina matatu, na bendi mbili zimepewa sifa ya kazi ambayo lebo niliyoishika mkononi inasema ni ya bendi ya tatu.

Halafu kuna "Sehemu ya 1" na "Sehemu ya 2". Upande wa sahani ya 45 haubebi wimbo mrefu, kwa hiyo hadithi inaimbwa upande wa kwanza, na ukigeuza unakuta magitaa yamekwishachemka. Watu wengi huziunganisha. Mimi siziungi, angalau kwenye nakala ya kwanza, ambayo naiacha ghafi na mikwaruzo yake yote. Anayetaka kuunga au kusafisha achukue kopi. Nakala hizi ni za nyumbani tu, siziweki mtandaoni. Watunzi wana watoto na wajukuu, na nyimbo ni mali yao.

Upande mmoja wa dakika 4 unakula dakika 4, huwezi kuuharakisha, ukijumlisha kuosha na kuandika unapata sahani tano kwa jioni moja. Mama hukaa karibu na kunisahihisha majina.

Zimebaki tisa za mwendo wa 78, nzito, za babu, za miaka ileile ambayo mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alivuka hadi Bombay kurekodi, 1928 na kuendelea. Hizo sijazigusa. Mifereji yake ni mipana, sindano ya kawaida inatambaa chini kabisa na kuokota uchafu tu, na spiriti huyeyusha lak, ule utomvu mgumu zilizotengenezwa nao. Sindano yake nimeagiza. Kwa sasa zimesimama wima kabatini, na mama amekataza mtu yeyote kufungua mlango ule kwa nguvu.