Wapatidar wa Gujarat: Mkulima Anayedhaniwa Tajiri

Tarehe 25 Agosti 2015 umati mkubwa wa Wapatidar, tabaka la wakulima wa jimbo la Gujarat, India, ambao wengi huitwa Patel, ulifurika uwanjani mjini Ahmedabad, ukidai tabaka lao liingizwe katika orodha ya matabaka yaliyo nyuma, ambayo hutengewa asilimia 27 ya nafasi za masomo na ajira serikalini. Kiongozi wao, Hardik Patel, alikuwa kijana wa miaka 22. Wachambuzi wengi waliwacheka. Hawa si ndio akina Patel wenye viwanda Gujarat, wenye moteli Marekani, na wenye maduka tuliyoyazoea Afrika Mashariki tangu enzi za babu zetu? Unyonge wameutoa wapi? Kicheko hicho kina sababu zake, lakini kinamwona Mpatidar aliyeondoka shambani na kumsahau aliyebaki.

Asili yao ni Wakanbi, watu wa jembe. Katika eneo la Charotar, wilayani Kheda, walilima tumbaku na pamba, na wenye nguvu miongoni mwao wakajipatia umiliki wa pamoja wa mashamba ya vijiji pamoja na dhamana ya kulipa kodi ya ardhi. Heshima ilipanda pamoja na mavuno, hata sensa ya 1931 ikawaandika kwa jina la Patidar. (Mpatidar aliyetua Mombasa alikuta Nyanda za Juu za Kenya zimetengewa Wazungu, kwa hiyo mtoto wa mkulima alishika ukarani au duka, sisi tukadhani biashara ndiyo kazi ya ukoo.)

Ndoa nayo ilikuwa ngazi ya kupandia. Vijiji sita vya fahari, vikiwemo Nadiad, Karamsad na Dharmaj, vilipokea mabibi harusi kutoka vijiji vya chini, na baba wa binti ndiye aliyetoa mali. Binti akawa mzigo, na mzigo huo ulileta maovu yasiyofaa kufichwa. Sensa ya 2001 ilikuta, katika wilaya ya Mehsana yenye Wapatidar wengi, wasichana 801 tu kwa kila wavulana 1,000 walio chini ya miaka saba. Wavulana hao ndio vijana wa leo wanaotafuta wachumba, na mzazi wa binti hataki kusikia habari za mkwe asiye na shamba la maana wala kazi ya mshahara.

Shamba la maana linapatikana wapi? Huko Saurashtra, sehemu ya magharibi ya Gujarat, sheria ya 1951 iliwapa wapangaji ardhi ya mamwinyi, na Wakanbi ndio walionufaika zaidi. Kizazi kimoja kikatoka kwenye upangaji hadi umiliki, kikaneemeka kwa karanga na pamba. Tuseme babu alipata ekari 20. Wanawe wanne wakagawana tano tano. Kila mmoja akizaa wana watatu, mjukuu anabaki na ekari moja na kitu, katika nchi ya mvua za kubahatisha ambako kisima huchimbwa kwenda chini zaidi kila ukame unapokuja. Tajiri wa hesabu hii ni nani? Wengi wa wajukuu hao walikimbilia mji wa Surat kung'arisha almasi, wakikaa kuzunguka gurudumu moja la kusugulia na kulipwa kwa kila kijiwe kinachokamilika. Soko la dunia lilipoyumba mwaka 2008, wengi walirudishwa kwenye ekari zile zile.

Upande wa pili una hoja nzito. Mwaka 1981 na 1985 Wapatidar walikuwa mstari wa mbele katika ghasia za kupinga nafasi hizo hizo walipopewa wengine. Sheria ya 1951 ilimtazama mpangaji, si kibarua, na vibarua wengi walikuwa Madalit, watu wa matabaka ya chini kabisa waliohesabiwa najisi, ambao wajukuu wao hawana hata hiyo ekari moja. Julai 2016, mjini Una, Madalit walichapwa hadharani kwa kuchuna ng'ombe aliyekwisha kufa. Mpatidar fukara hafukuzwi kisimani wala hekaluni kwa ajili ya kuzaliwa kwake, na katiba ya India ilipozungumzia kuwa nyuma kijamii ilikusudia fedheha ya namna hiyo. Kwa hilo, dai la kuingizwa katika orodha halikustahili kukubaliwa, na halikukubaliwa.

Hata hivyo, Januari 2019 katiba ilirekebishwa ili asilimia 10 ya nafasi ziende kwa maskini wa matabaka yasiyo katika orodha yoyote. Kwa kanuni za serikali kuu, familia yenye kipato cha rupia 800,000 au zaidi kwa mwaka haihesabiwi, wala yenye shamba la ekari tano au zaidi. Mstari huo wa ekari tano unamtambua yule mjukuu ambaye wachekaji walidai hayupo. Kiwango cha kipato ni kikubwa mno kwangu kukiita cha umaskini, na kufungiwa nje kwa maskini wa matabaka ya chini ni kasoro kubwa zaidi: Mahakama ya Juu ya India ilipoidhinisha marekebisho hayo Novemba 2022, majaji wawili kati ya watano walikataa kwa sababu hiyo. Mwezi uliofuata Hardik Patel alichaguliwa katika bunge la jimbo kwa tiketi ya chama tawala alichokuwa akikipinga, huku nafasi za serikali zenyewe zikibaki chache kuliko vijana wanaozigombania, na ekari za Saurashtra zikiendelea kugawanywa.